Uhuru wa Mtu na Wajibu kwa Jamii Wakati wa Mlipuko: Nani Anamdai Nani?

Kila ugonjwa wa kuambukiza unapolipuka, mabishano huanza hata kabla dawa haijapatikana. Upande mmoja husema kwamba mwili ni wa mwenyewe, na kwamba serikali haina mamlaka ya kumpangia mtu mzima avae nini usoni, achomwe sindano gani au akae ndani siku ngapi. Upande wa pili hujibu kwamba hakuna mwenye uhuru wa kuhatarisha uhai wa wengine, na kwamba anayekaidi masharti ya afya ni mbinafsi. Wote husema kwa uchungu wa kweli, lakini mara nyingi hawafiki popote, kwa sababu chini ya jina moja la uhuru huwa wanazungumzia mambo tofauti kabisa: uhuru wa kutembea, uhuru juu ya mwili, uhuru wa kutafuta riziki, uhuru wa kusema, na uhuru wa kutofuatiliwa. Makala hii inajaribu kuyatenganisha mambo hayo. Inajaribu pia kuonyesha kwamba swali gumu kuliko yote si kama mtu ana wajibu kwa jamii wakati wa mlipuko, kwani wajibu huo upo, bali ni nini jamii nayo inadaiwa na yule inayemtaka ajizuie.

Mwaka 1859 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliweka kanuni ambayo hadi leo ni nguzo ya hoja za uhuru: jamii inaweza kumlazimisha mtu mzima kinyume cha hiari yake kwa sababu moja tu, nayo ni kuzuia madhara kwa wengine, manufaa yake mwenyewe, yawe ya kimwili au ya kimaadili, hayatoshi kuwa sababu. Wengi huitaja kanuni hii kana kwamba inamaliza mjadala kwa upande wa uhuru, ilhali katika ugonjwa wa kuambukiza ndiyo hasa inayofungua mlango wa vizuizi. Anayekataa dawa za kisukari anajidhuru mwenyewe, na daktari anaweza kumshauri, kumsihi na hata kumlilia, lakini si kumfunga. Anayekataa dawa za kifua kikuu huku akiendelea kukohoa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha yuko katika hali nyingine, kwa sababu wanaovuta hewa hiyo pamoja naye hawakuulizwa kama wanakubali. Kwa hiyo hata mtetezi mkali wa uhuru, akiwa mkweli kwa kanuni yake, hawezi kusema kwamba kila sharti la afya ni dhuluma.

Ugumu unaanza pale tunapouliza madhara hayo yana uhakika kiasi gani. Katika maisha ya kawaida sheria humshughulikia mtu aliyekwisha kudhuru, au anayeonekana wazi kwamba yuko karibu kudhuru. Vimelea vya maradhi havifuati utaratibu huo. Katika mlipuko wa SARS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa, wa mwaka 2003 wagonjwa waliambukiza zaidi baada ya kuugua dhahiri, kwa hiyo kuwatenga wenye homa na kuwafuatilia waliotangamana nao kulisaidia sana kukata mnyororo wa maambukizi, na ugonjwa ukadhibitiwa ndani ya miezi michache. UVIKO-19 ulikuwa tofauti: mtu aliweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kuhisi chochote, na wapo walioambukiza wengine bila kuugua kabisa. Maana yake ni kwamba kauli ya “mimi si mgonjwa”, hata iliposemwa kwa moyo mweupe, haikuwa ushahidi. Hapo serikali zilijikuta zikichagua kati ya kuwaacha wote na kuwawekea wote masharti, kwa kuwa hazikuweza kujua nani ni nani. Kila mmoja alikuwa hatari ndogo sana kwa jirani yake, pengine hakuwa hatari hata kidogo. Lakini hatari hizo ndogo za mamilioni ya watu zilipojumlishwa, wodi zilijaa. Naamini chimbuko la hasira nyingi za kipindi kile liko hapa: mtu alijipima kwa hatari yake peke yake, serikali ikampima kwa jumla ya hatari za wote, na vipimo vyote viwili vilikuwa na ukweli.

Tatizo la mtu anayeambukiza bila kuugua si jipya, na hakuna kisa kinachoonyesha uzito wake kuliko cha Mary Mallon, mhamiaji kutoka Ireland aliyekuwa mpishi katika nyumba za matajiri huko New York. Mwaka 1906 watu sita kati ya kumi na mmoja waliokuwa katika nyumba moja ya mapumziko huko Oyster Bay waliugua homa ya matumbo. Mchunguzi George Soper alifuatilia historia ya kazi za mpishi huyo na kukuta kwamba homa ilikuwa imezuka katika nyumba nyingi alizowahi kupika. Mallon hakuwa anaumwa. Alipoambiwa kwamba mwili wake unabeba ugonjwa alichukulia kuwa ni matusi, akamfukuza Soper kwa uma wa kukatia nyama. Mwaka 1907 alichukuliwa kwa nguvu na maofisa wa afya wakisindikizwa na polisi, akapelekwa katika kisiwa cha North Brother. Hakuwa ameshtakiwa kwa kosa lolote. Mwaka 1909 alikwenda mahakamani kudai aachiliwe, akashindwa.

Mwaka 1910 aliachiliwa kwa ahadi kwamba hatapika tena kwa watu. Alijaribu kazi ya kufua nguo, ambayo malipo yake yalikuwa madogo kuliko ya upishi, na baada ya muda akatoweka machoni pa maofisa. Mwaka 1915 homa ya matumbo ilizuka katika hospitali ya wazazi mjini New York. Watu ishirini na watano waliugua na wawili wakafariki. Mpishi alikuwa Mallon, akitumia jina jingine. Alirudishwa kisiwani na kukaa huko hadi kifo chake mwaka 1938, na ukijumlisha vipindi vyote viwili alitengwa kwa takriban miaka ishirini na sita. Ni rahisi kusoma kisa hiki kama cha mwanamke mkaidi aliyewaua watu kwa kutokujali, na sehemu ya lawama ni yake kweli: kufikia mwaka 1915 alikuwa ameambiwa, akaahidi, kisha akarudi jikoni kwa jina la uongo. Lakini kuna upande wa pili ambao hautajwi mara nyingi. Katika miaka hiyohiyo mamlaka za jiji ziligundua mamia ya watu wengine waliobeba vimelea vya homa ya matumbo bila kuugua, na hawakutengwa maisha yao yote. Mallon alikuwa mwanamke, mhamiaji, mtumishi wa ndani asiye na familia wala mtetezi mwenye nguvu. Na alipoachiliwa hakuna aliyemhakikishia kazi ya kumpa kipato cha kulingana na kile alichotakiwa kukiacha. Jamii ilimtaka aache ujuzi wake kwa ajili ya usalama wa wote, kisha gharama yote ikamwangukia yeye. Sisemi kwamba fidia ingemzuia kwa hakika kurudi jikoni. Nasema kwamba njia hiyo haikujaribiwa kwa dhati kabla ya kumfungia kisiwani.

Sheria zimekuwa zikitafuta mpaka wa jambo hili kwa muda mrefu. Hukumu inayotajwa zaidi ni ile ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1905, katika kesi ya mchungaji Henning Jacobson dhidi ya jimbo la Massachusetts. Mji wa Cambridge ulikuwa umeamuru watu wazima wachanjwe dhidi ya ndui, na asiyechanjwa alitozwa faini ya dola 5. Jacobson alikataa, akieleza kwamba chanjo ya awali ilikuwa imemdhuru. Majaji saba kati ya tisa waliamua kwamba uhuru unaolindwa na katiba si haki ya mtu kuwa nje ya kila kizuizi wakati wote na katika kila hali. Wanaoitumia hukumu hiyo kutetea nguvu ya serikali husahau mambo mawili yaliyomo ndani yake: adhabu ilikuwa faini, hakuna aliyekamatwa na kuchomwa sindano kwa nguvu, na majaji walionya kwamba amri ya kiholela, ya kikatili, au inayomlazimisha mtu ambaye afya yake haihimili chanjo, isingeweza kukubalika.

Onyo hilo halikuheshimiwa. Mwaka 1927 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Buck dhidi ya Bell, iliruhusu mwanamke kijana aliyedaiwa kuwa na upungufu wa akili afanyiwe upasuaji wa kumfanya asizae, na Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba kanuni inayohalalisha chanjo ya lazima inatosha pia kuhalalisha kukatwa kwa mirija ya uzazi. Kila ninapomsikia mtu akisema kwamba mwenye shaka juu ya mamlaka ya dharura ni adui wa sayansi, nakumbuka sentensi hiyo. Hoja ya manufaa ya umma, ikiachwa bila mipaka, iliweza kusafiri kutoka faini ya dola 5 hadi kwenye kisu cha daktari ndani ya miaka ishirini na miwili.

Mipaka iliyopo leo ilijengwa kwa sehemu kubwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 29, linasema kwamba kila mtu ana wajibu kwa jamii, na kwamba haki zinaweza kuwekewa mipaka ya kisheria kwa ajili ya haki za wengine. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unakwenda mbali zaidi, kwa kutenga sehemu nzima ya wajibu wa mtu kwa familia, jamii na taifa lake. Ibara ya 27 inataka haki zitumike kwa kujali haki za wengine, usalama wa pamoja, maadili na maslahi ya wote. Mwaka 1984 wataalamu wa sheria walikutana Siracusa, Italia, wakaandika vigezo vya kupima kizuizi chochote kinachowekwa chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Kizuizi kiwe kimewekwa na sheria, kiwe na lengo halali, kiwe cha lazima na kinacholingana na tatizo, pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilohilo, kisibague, na kiwe na njia ya kupingwa. Kuna haki ambazo hata hali ya hatari haizigusi, miongoni mwake haki ya kutoteswa na ya kutofanyiwa majaribio ya kitabibu bila ridhaa.

Vigezo hivi vinaonekana vya kinadharia hadi unapoviona vikifanya kazi. Machi 2020 New Zealand iliwaamuru watu wake wabaki majumbani. Mwanasheria mmoja alikwenda mahakamani, na Agosti mwaka huohuo Mahakama Kuu ikatoa uamuzi ambao kwangu ni mfano bora wa fikra iliyotulia: agizo la kukaa ndani katika siku tisa za mwanzo lilikuwa la lazima, la busara na lililolingana na hatari, lakini lilikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu katika siku hizo viongozi waliliamuru wakati amri ya kisheria iliyotolewa haikuwa imelibeba. Mtu anaweza kuuliza faida ya hukumu hiyo ni nini ikiwa hatua yenyewe ilikuwa sahihi. Faida ni kwamba kiongozi wa kesho, ambaye huenda hatua yake isiwe sahihi, amekwisha kuambiwa kwamba nia njema haichukui nafasi ya sheria. Afrika Kusini, Desemba 2020, mahakama ilipima marufuku ya kuuza sigara iliyokuwa imedumu kwa takriban miezi mitano na kuikuta haikidhi katiba.

Mfano wa Kenya unanigusa zaidi. Mwaka 2010 wagonjwa wawili wa kifua kikuu walioacha kumeza dawa walipelekwa mahakamani huko Kapsabet na kufungwa gerezani, kwa kutumia kifungu cha Sheria ya Afya ya Umma kinachoruhusu mgonjwa wa kuambukiza kutengwa. Kwa juujuu jambo hili linafuata kanuni ya Mill neno kwa neno: wagonjwa walikuwa hatari kwa wengine, jamii ikajikinga. Lakini tazama kilichofanyika. Mtu anayeeneza ugonjwa wa njia ya hewa aliwekwa katika chumba chenye msongamano, pamoja na wafungwa wasio na mahali pa kumkimbilia. Kilichoitwa kinga kilikuwa njia mpya ya maambukizi, na wafungwa wengine hawakuhesabiwa kuwa sehemu ya umma unaolindwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba sheria inaruhusu kumtenga mgonjwa kwa ajili ya tiba, lakini kumfunga gerezani kulivunja katiba, na serikali ikatakiwa kuandaa sera ya kuwatenga wagonjwa wa aina hiyo kwa namna inayoheshimu utu wao. Hapa haki za mtu na afya ya umma hazikuwa zinavutana hata kidogo. Kitendo kilekile kiliviumiza vyote viwili.

Chanjo inahitaji kuzungumzwa peke yake, kwa kuwa inagusa mwili wenyewe. Chukua surua. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, anaweza kuambukiza watu kumi na wawili hadi kumi na wanane, ndiyo maana inahitajika takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga ili ugonjwa usipate njia ya kupenya. Katika nchi nyingi mtoto hupata dozi ya kwanza akiwa na umri wa miezi tisa. Mtoto wa miezi saba, basi, anategemea walio karibu naye. Hawezi kuchagua, hawezi kujitenga, na kinga aliyoipata kwa mama yake inaendelea kupungua. Kwa surua, hoja ya wajibu kwa wengine ina nguvu sana, kwani chanjo yake huzuia maambukizi kwa kiwango kikubwa na kwa miaka mingi.

Kwa UVIKO-19 hoja ilibadilika njiani, na wengi waliokuwa wakiitetea hawakutaka kukiri hivyo. Chanjo zilizotolewa kuanzia mwisho wa 2020 ziliendelea kukinga vizuri dhidi ya ugonjwa mkali na kifo, lakini uwezo wake wa kuzuia mtu asiambukize wengine ulipungua kadiri muda ulivyopita na aina mpya za kirusi, hasa Omikroni, zilivyoenea. Ikiwa sababu ya kulazimisha ni kulinda wengine, basi nguvu ya kulazimisha inapaswa kupungua pale ulinzi huo unapopungua. Ilibaki hoja nyingine, ya kuzipunguzia hospitali mzigo ili mwenye ajali au mjamzito apate kitanda. Ni hoja halali, ila si ile iliyotangazwa mwanzoni, na watu huhisi wanapobadilishiwa sababu bila kuambiwa. Kwa maoni yangu masharti ya chanjo yanaweza kuwa ya haki mwaka mmoja na yasiwe ya haki mwaka unaofuata, kwa ugonjwa uleule, na mamlaka inayosema hivyo waziwazi haijidhoofishi.

Hapo ndipo uhuru wa kusema unapoingia, na unaingia kwa njia ambayo mabishano ya kawaida huikosa. Huwa tunasikia tu kwamba uhuru huo ni hatari wakati wa mlipuko kwa sababu ya uvumi na tiba za uongo. Hatari hiyo ni ya kweli. Mtu anayejua kwamba dawa anayoinadi haina uthibitisho na bado anawauzia wenye hofu hastahili kujificha nyuma ya haki yoyote. Lakini mwisho wa Desemba 2019 daktari wa macho Li Wenliang wa Wuhan aliwatahadharisha madaktari wenzake kuhusu wagonjwa wenye dalili zilizofanana na za SARS. Tarehe 3 Januari 2020 aliitwa polisi na kutakiwa atie sahihi karatasi ya kuonywa kwa kueneza uvumi. Aliambukizwa akiwa kazini na kufariki tarehe 7 Februari, akiwa na umri wa miaka 33. Mwezi uliofuata onyo lile likafutwa. Tahadhari ya mapema hutoka kwa muuguzi, kwa mtaalamu wa maabara, kwa daktari wa zamu, na watu hao wakiogopa kusema, nchi nzima inakuwa kipofu katika wiki ambazo ndizo zenye thamani kuliko zote. Kuuziba mdomo wa mhudumu wa afya ni kosa la kiafya kabla ya kuwa kosa la haki za binadamu.

Sasa turudi kwenye deni. Mwaka 2002 Ross Upshur, daktari na mtaalamu wa maadili wa Kanada, alipendekeza misingi minne ya kuhalalisha hatua za afya ya umma: kuwepo kwa madhara kwa wengine, kutumia kizuizi chepesi kuliko vyote, uwazi, na wajibu wa pande mbili. Mitatu kati ya hiyo hutajwa sana. Wa pande mbili husahaulika, ingawa ndio unaoamua kama masharti yatafuatwa au la. Unasema kwamba jamii inapomtaka mtu atimize wajibu, inabeba wajibu wa kumwezesha autimize na kumfidia anachopoteza. Mtu anayeishi kwa kipato cha siku, akiambiwa akae ndani siku kumi na nne, haombwi uvumilivu tu. Anaombwa alipe chakula, kodi ya nyumba na pengine kazi yenyewe, kwa faida ambayo sehemu kubwa inakwenda kwa wengine. Mwenye mshahara unaoingia benki mwisho wa mwezi ameombwa kitu kidogo zaidi, ingawa amri iliyosomwa redioni ni moja.

Liberia ilionyesha kinachotokea pale deni hili linapopuuzwa. Agosti 2014, Ebola ilipokuwa ikienea Monrovia, serikali iliuzingira mtaa wa West Point, rasi yenye nyumba zilizobanana na wakazi maskini kwa makumi ya maelfu. Waliamka asubuhi na kukuta askari na vizuizi vya waya kwenye njia za kutokea. Hawakuwa wameelezwa, hawakuwa wameandaliwa chakula cha kutosha, na bei za vitu ndani ya mtaa zikapanda. Watu waliandamana, askari wakafyatua risasi, na kijana mmoja akafariki. Zuio liliondolewa baada ya siku kumi hivi. Kilichosaidia baadaye kilikuwa kazi ya polepole: wazee wa mitaa na viongozi wa dini kuzunguka nyumba kwa nyumba, vitanda vya matibabu kuongezeka ili mgonjwa awe na mahali pa kupelekwa, chakula kufikishwa kwa familia zilizotengwa. Hata mazishi yalibadilika. Agizo la kuchoma miili lilikuwa limewafanya watu wafiche wagonjwa na maiti, kwa sababu lilikwenda kinyume na heshima wanayowapa wafu wao. Mwishoni mwa mwaka huo mazishi salama yenye heshima, ambayo familia iliweza kuyashuhudia kwa mbali na kuswali au kuomba, yalipata nafasi. Waliokuwa wakiitwa wakaidi walishirikiana pale walipotendewa kama watu wenye akili na huzuni.

Wajibu wa pande mbili unahusu pia wachache wanaodhurika na chanjo. Chanjo zilizoidhinishwa ni salama kwa wengi mno, lakini mara chache sana kuna anayepata madhara makubwa, na mtu huyo ameumia akitekeleza jambo ambalo jamii ilimwomba. Marekani iliweka mfumo wa fidia kwa sheria ya mwaka 1986, na mwaka 2021 COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za UVIKO-19, ulianzisha fidia isiyohitaji kuthibitisha kosa la mtu yeyote, kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati. Serikali inayolazimisha chanjo bila kuwa na mfuko wa aina hii inataka wajibu wa upande mmoja.

Deni kubwa zaidi, na ambalo halijalipwa, ni la watoto. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na ingawa baadhi ya madarasa yalifunguliwa kwa vipindi, shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye. Kwa UVIKO-19 watoto walikuwa kundi lenye hatari ndogo zaidi ya kufa, kwa hiyo kilichoombwa kwao kilikuwa hasa kwa ajili ya wazee. Katika wiki za mwanzo, ujuzi ukiwa mdogo, kufunga shule kulikuwa na mantiki. Kila mwezi uliofuata ulihitaji sababu yake mpya, na katika nchi nyingi sababu hiyo haikutafutwa kwa juhudi ileile iliyotumika kutafuta sababu ya kufungua biashara. Wapo wasichana waliopata mimba na wavulana walioingia kazini ambao hawakurudi darasani. Watoto hawapigi kura wala hawaendi mahakamani, na ndiyo sababu naamini kizuizi chochote kinachowagusa kinapaswa kuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa tangu siku ya kwanza, ili anayetaka kukiendeleza ndiye alazimike kujieleza.

Kanuni hiyo ya tarehe ya mwisho inafaa kwa hatua zote, zikiwemo zile zisizoonekana. Kufuatilia waliotangamana na mgonjwa ni kazi ya zamani na ya lazima, na mtu mwenye kujali wenzake hutaja kwa hiari alikuwa wapi na nani. Hutaja kwa sababu anaamini taarifa hiyo itatumika kwa afya tu. Singapore ilizindua programu ya simu iitwayo TraceTogether Machi 2020, na wananchi waliambiwa kwamba data zake ni za kufuatilia maambukizi. Januari 2021 ilielezwa bungeni kwamba polisi wana mamlaka ya kuzipata kwa uchunguzi wa makosa ya jinai. Watu walilalamika, na mwezi uliofuata bunge likapitisha sheria ya kuyawekea mipaka matumizi hayo, yabaki kwenye aina saba tu za makosa makubwa. Sheria ilikuja baada ya wananchi wengi kuwa wamekwisha kuipakua programu, kwa ridhaa waliyoitoa wakiamini ahadi nyingine.